Busta ya Betri Inapogoma: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Kifaa kidogo cha kubusti gari, chenye betri ya lithiamu ndani na vibanio viwili pembeni, sasa kinakaa kwenye buti za magari mengi kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, kwa kuwa kinamwondolea dereva adha ya kusimamisha gari la pili na kuomba nyaya. Malalamiko juu yake yanajirudia: kimekataa kuwasha, kinalia tu, kimejizima katikati, juzi kilifanya kazi na leo hakifanyi. Sehemu kubwa ya malalamiko hayo haitokani na ubovu wa kifaa chenyewe. Busta hutoa mkondo mkubwa wa umeme kwa sekunde chache ili stata, yaani mota inayozungusha injini hadi iwake, izunguke. Haichaji betri, haifufui seli iliyokufa, wala haiponyi alteneta mbovu, yaani kifaa kinachozalisha umeme na kuchaji betri injini ikinguruma. Anayelielewa hilo atapata jibu la matatizo mengi yaliyoelezwa hapa kabla hata ya kufungua boneti.

Chini ya kila dalili, sababu zimepangwa kuanzia ile inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra, na ukaguzi usiohitaji vifaa umetangulia.

Kabla ya kuunganisha chochote

Zima taa, redio, kiyoyozi na chaja za simu, weka gia kwenye P, au N kwa gari la gia za mkono, kisha vuta breki ya mkono. Vua pete na saa ya chuma, kwa sababu chuma kinachogusa chanya na bodi kwa pamoja hupata moto mkali kwa kufumba na kufumbua. Betri ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inaweza kulipuka ikifikia takriban asilimia 4 ya hewa, kwa hiyo sigara na kiberiti vikae mbali, na ukifanya kazi hii usiku tumia tochi.

Kibanio chekundu kinafungwa kwanza, kwenye chanya ya betri. Cheusi kinafuata, kwenye chuma kitupu cha injini au cha bodi kilicho mbali kidogo na betri, ili cheche ikitokea isitokee pale gesi inapotoka. Watengenezaji wengine huagiza kibanio hicho kifungwe kwenye hasi ya betri yenyewe, na hapo kijitabu cha kifaa ndicho cha kufuatwa. Piga stata kwa sekunde tatu hadi tano, si zaidi. Injini isiposhika, subiri angalau nusu dakika kabla ya kujaribu tena, na baada ya majaribio matatu acha kubusti uanze kutafuta sababu. Injini ikishika, toa vibanio ndani ya nusu dakika, kwa maana alteneta itaanza kusukuma umeme kurudi kwenye seli za lithiamu ambazo hazikutengenezwa kuupokea kwa njia hiyo.

Acha kabisa na umwite fundi ikiwa kasha la betri limepasuka, limevimba au linavuja, au ukisikia harufu ya mayai yaliyooza. Betri ya namna hiyo haibustiwi.

Multimita, yaani kipimo cha volti na ampia, hata ya bei nafuu, itakuokolea muda mwingi. Betri ya volti 12 ina seli sita, na ikiwa imejaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebakiza takriban nusu, na ikisoma 11.8 au chini ya hapo imeisha. Betri inayong'ang'ania karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha kwa kawaida ina seli moja iliyokufa, na hiyo haina dawa.

Dalili: Vibanio vimefungwa lakini taa haiwaki, kana kwamba kifaa hakioni betri

Sababu ya kwanza, na inayowapotezea watu muda zaidi, ni mguso mbaya. Unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri haupitishi umeme vizuri, na kibanio kilichokaa juu yake ni kama hakijafungwa. Zungusha kibanio huku na huku mara kadhaa ili meno yake yachimbe hadi kwenye risasi yenyewe. Angalia pia upande waya ulipoingilia: katika vibanio vingi vya bei ya chini waya umeunganishwa na taya moja tu, na taya ya pili ni ya kushikilia tu. Ikiwa taya yenye waya ndiyo iliyoangukia kwenye kutu au plastiki, kigeuze kibanio. Kama unga ni mwingi, uoshe kwa maji ya moto yaliyochanganywa na bekingi soda, kisha kausha. Wapo wanaomwagia soda ya kunywa, na kweli kutu inaondoka, ila sukari inayobaki huvuta vumbi na unyevu, na baada ya miezi michache uko palepale.

Ya pili ni plagi inayounganisha nyaya za vibanio na kifaa. Plagi hii, ambayo aghalabu ni ya buluu, ni ngumu kuingia, na mtu mwenye haraka huisukuma nusu tu. Ichomoe, kagua kama hakuna mchanga ndani, kisha isukume mpaka iishie.

Ya tatu ni chaji ya busta yenyewe. Vifaa vingi hukataa kubusti chaji ikishuka chini ya nusu, ingawa tochi yake bado inawaka na simu bado inachaji. Usiipime busta kwa tochi.

Ya nne inahitaji maelezo zaidi. Vibanio vya kisasa vina kisanduku chenye akili kidogo, ambacho kwanza hupima volti za betri ya gari ndipo kiruhusu mkondo upite. Gari likiwa limelala wiki kadhaa na betri kushuka hadi volti mbili tatu hivi, kisanduku hakioni kitu chochote na kinadhani vibanio vinaning'inia hewani. Kwa hali hii watengenezaji wameweka kitufe kilichoandikwa BOOST au maneno ya kufanana nayo, ambacho hulazimisha mkondo utoke kwa muda mfupi. Kitufe hiki huzima kinga dhidi ya cheche na, katika vifaa vingi, dhidi ya kugeuza chanya na hasi, kwa hiyo kabla ya kukibonyeza hakikisha kwa macho yako, na ikiwezekana kwa macho ya mtu wa pili, kwamba nyekundu iko kwenye alama ya kujumlisha na nyeusi iko kwenye bodi, na kwamba vibanio havigusani. Ukibonyeza na kuona moshi au kuhisi waya unapata joto, chomoa plagi mara moja.

Baada ya hizo kuna uwezekano kwamba kisanduku cha vibanio kimeungua, jambo linalotokea zaidi kwa waliowahi kugeuza nyaya au kupiga stata kwa muda mrefu. Hakitengenezwi, hununuliwa kingine chenye plagi ileile na uwezo uleule.

Dalili: Taa nyekundu na mlio usiokoma

Karibu kila mara ni chanya na hasi zilizogeuzwa. Soma alama zilizochongwa kwenye kasha la betri, usifuate rangi ya nyaya za gari, kwani gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi linaweza kuwa na waya mweusi kwenye chanya. Mara chache zaidi, vibanio vinagusana kupitia chuma kingine, busta imepata joto kupita kiasi na inaomba kupumzika, au gari lina mfumo wa volti 24. Usijaribu kuushinda mlio huu kwa kitufe cha kulazimisha. Nyaya zikiwa zimegeuzwa, utaunguza fyuzi kuu ukiwa na bahati, na diodi za alteneta au kompyuta ya injini usipokuwa nayo.

Dalili: Sauti ya tik-tik-tik unapopiga stata

Huu ni mlio wa solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, inayovutwa na kuachiwa mara nyingi kwa sekunde: volti zinatosha kuivuta, lakini mzigo ukianza zinaanguka na inaachia. Mlio huo unakuambia kwamba umeme upo ila haufiki kwa wingi unaohitajika, na kazi yako ni kutafuta unapokwama.

Anza na vichwa vya nyaya kwenye betri. Shika kila kimoja kwa mkono na ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, kimelegea, na hapo ndipo kosa lilipo katika magari mengi yanayoletwa kwa fundi yakisemwa kwamba yana betri mbovu. Kwenye Toyota nyingi kinakazwa kwa spana namba 10. Ukilazimika kukitoa ili kukisafisha, toa hasi kwanza na uirudishe mwisho, ili spana ikigusa bodi usilete shoti. Safisha kwa msasa laini ndani ya kichwa na juu ya nguzo ya betri, kaza, kisha paka grisi kidogo kwa nje.

Ikiwa vichwa ni visafi na vimekaza, angalia busta: imejaa? Inatosha kwa injini hii? Injini ya petroli ya lita 1.3 au 1.5, kama ya Toyota IST au Fielder, huvuta takriban ampia 100 hadi 200 inapozungushwa, na injini ya dizeli ya lita tatu na kuendelea inaweza kuvuta mara mbili au tatu ya hapo, tena zaidi katika sekunde ya kwanza. Busta iliyonunuliwa kwa ajili ya gari dogo haitamsaidia jirani mwenye Land Cruiser.

Sababu ya tatu ni betri ya gari yenye seli iliyokufa, ambayo badala ya kusaidia inanyonya mkondo wa busta. Kuna ushauri wa mtaani wa kuichomoa betri hiyo, kufunga vibanio moja kwa moja kwenye nyaya za gari, kuwasha, kisha kutoa vibanio injini ikiwa inanguruma. Ushauri huu ni wa hatari. Alteneta isiyo na betri ya kutuliza umeme wake inaweza kurusha volti za juu ghafla na kuunguza kompyuta ya injini, redio na taa, na gharama yake ni kubwa kuliko betri mpya mara nyingi.

Mwisho, kagua waya wa ethi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini. Weka multimita kati ya hasi ya betri na chuma kitupu cha injini huku mtu mwingine akipiga stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya huo au miunganiko yake imechoka. Njia ya haraka ya kuthibitisha ni kuhamisha kibanio cheusi kutoka kwenye bodi kwenda kwenye chuma cha injini yenyewe: gari likiwaka kwa urahisi, umepata kosa.

Dalili: "Tak" moja kisha kimya, au kimya tangu mwanzo

Taa za dashibodi zikiwa zinang'aa na stata haijibu, busta haina la kufanya. Anza na mambo madogo. Lever ya gia huenda haijakaa sawasawa kwenye P, kwa hiyo jaribu kuwasha ikiwa N huku umekanyaga breki. Kwenye gari la kitufe, betri ndogo ya ufunguo huenda imeisha. Gusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe cha kuwashia na ujaribu tena. Kisha angalia fyuzi na rilei ya stata, ambazo nafasi zake zimechorwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, mara nyingi kwa Kijapani lakini kwa picha zinazoeleweka.

"Tak" moja nzito yenye taa kufifia kidogo huashiria stata yenyewe, hasa vipande vya shaba ndani ya solenoidi ambavyo hulika kwa miaka. Kuigonga stata taratibu kwa mpini wa nyundo huweza kuiamsha mara moja au mbili, na hiyo ikusaidie kufika gereji tu. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki ili kufanya hivyo.

Kuna hali moja ambayo lazima uache kila kitu. Ikiwa gari limepita kwenye maji ya kina, kama yale yanayojaa bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam mvua za masika zinapozidi, na sasa stata inatoa "tak" bila injini kuzunguka, maji yanaweza kuwa ndani ya silinda. Maji hayashindiliwi kama hewa. Busta yenye nguvu ikiilazimisha injini hiyo, itapinda vishikizo vya pistoni, na kazi iliyokuwa ya kutoa plagi za injini na kukausha silinda itakuwa ya kushusha injini. Vuta gari kwa kamba hadi kwa fundi.

Dalili: Stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki

Ondoa vibanio, maana umeme wa kuzungushia unatosha. Tafuta kwingine: mafuta yaliyoisha huku geji ikidanganya, pampu isiyonguruma unapofungua swichi, taa ya ufunguo inayopepesa kuonyesha kwamba gari halitambui ufunguo, au alamu iliyofungwa baada ya gari kutoka kiwandani, inayokata umeme wa pampu. Kwa dizeli katika maeneo ya baridi kama Njombe na Mbeya, subiri taa ya koili izime kwenye dashibodi kabla ya kupiga stata, kwa kuwa plagi za joto zinahitaji sekunde hizo. Kuendelea kuzungusha tu kunachosha stata na kumaliza chaji ya busta utakayoihitaji baadaye.

Dalili: Busta inajizima mara tu unapopiga stata

Chaji ndogo ni sababu ya kwanza, na joto ni ya pili, hasa baada ya majaribio yaliyofuatana bila mapumziko. Iache dakika kumi na tano kivulini. Ikiwa imejaa, imepoa, injini ni ndogo, na bado inajizima, basi ama seli zake zimezeeka na hazihimili tena mkondo mkubwa, ama haikuwa na uwezo huo tangu ilipotoka dukani.

Hili la pili linahitaji hesabu kidogo, kwa sababu namba zinazoandikwa kwenye maboksi ni za kushangaza. Uwezo wa milliampia-saa hupimwa kwa volti 3.7 za seli moja, kwa hiyo kifaa cha 12,000 kina wati-saa 44.4, na ndani yake kwa kawaida kuna seli tatu za 4,000 zilizopangwa kwa mfuatano. Hicho ni kifaa cha kweli, na kinatosha kwa gari dogo. Sasa chukua kifaa kilichoandikwa 99,800. Kwa hesabu hiyohiyo kingepaswa kuwa na wati-saa 369, na kwa kuwa seli za lithiamu za kawaida hubeba takriban wati-saa 200 kwa kilo, seli peke yake zingekuwa na uzito unaokaribia kilo mbili. Ukikipima mkononi ukakuta ni nusu kilo pamoja na kasha lake, jibu unalo. Namba za ampia nazo zina mtego wake: ile kubwa iliyoandikwa kwa wino mnene ni ya kilele, ambacho hudumu kwa sehemu ndogo ya sekunde, ilhali inayowasha gari ni ile ya chini zaidi ambayo kifaa kinaweza kuihimili kwa sekunde kadhaa. Muuzaji asiyeweza kuionyesha hiyo ya pili popote kwenye boksi au kijitabu asikushawishi.

Dalili: Gari linawaka, kisha linazima vibanio vikitolewa, au kesho yake limekufa tena

Hapa busta imekwisha kufanya kazi yake, na kuendelea kuitumia kila asubuhi ni kuficha ugonjwa. Pima volti kwenye betri injini ikiwa inanguruma. Magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Ukisoma chini ya 13, alteneta haichaji: kagua kwanza mkanda wake, kama upo na umekaza, kisha plagi na waya nyuma yake, ndipo ufikirie alteneta yenyewe. Ukisoma zaidi ya 15, kidhibiti chake kimeharibika na betri inachemshwa. Usiendeshe mbali, mpelekee fundi umeme wa magari.

Chaji ikiwa sawa, inayofuata ni betri kuzeeka. Joto la pwani haliisaidii: kwa kanuni ya jumla, kasi ya betri kuchakaa hukaribia kuwa maradufu kila joto linapopanda kwa takriban nyuzi 10, na ndiyo sababu betri ya gari la Tanga au Mombasa haifikishi umri wa betri ya aina hiyohiyo iliyoko Iringa. Kwa betri yenye vifuniko, angalia kama maji yamefunika bamba za risasi, na uongeze maji ya betri yaliyosafishwa, si asidi na si ya bomba. Maji ndiyo yaliyokauka na asidi bado imo ndani. Kuongeza asidi ni kuzila bamba.

Betri iliyokwisha haijazwi kwa safari fupi ya mjini, kama kutoka Mwenge hadi Posta jijini Dar es Salaam kwenye foleni, wala alteneta haikuundwa kwa kazi hiyo. Kuilazimisha ijaze betri tupu kila siku ni kuichosha. Ipeleke kwenye chaja ya polepole: betri ya NS40, yenye uwezo wa karibu ampia-saa 35, ipate ampia tatu hadi nne kwa saa kumi hivi, kisha ipumzike na kupimwa tena kesho yake. Volti zake zikishuka zenyewe bila kufungwa kwenye gari, inunuliwe mpya.

Ikikaa vizuri nje ya gari lakini ikafa ikirudishwa, kuna kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Washukiwa wa kawaida ni redio za Android zilizofungwa kwa kuunganisha waya wowote uliokuwa karibu, alamu, vifaa vya kufuatilia gari, kamera ya kioo cha mbele, na taa ya buti isiyozima. Kipimo ni multimita iliyowekwa upande wa ampia kati ya hasi na waya wake, milango ikiwa imefungwa, baada ya nusu saa au zaidi ili kompyuta zilale. Gari zima linapaswa kuvuta takriban milliampia 50 au pungufu. Likivuta zaidi, toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, na saketi hiyo ndiyo ya kufuatiliwa. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa wakati mita iko katikati, kwani fyuzi yake itakatika. Kama jambo hili ni geni kwako, fundi umeme atalimaliza kwa muda mfupi.

Dalili: Busta haipokei chaji, au chaji inapotea ikiwa imekaa

Ulize kwanza nani aliitumia mara ya mwisho. Umeme unapokatika nyumbani, busta hugeuzwa kuwa chaja ya simu za familia nzima, kisha hurudishwa kwenye buti ikiwa tupu, na lawama huja siku gari lisipowaka.

Baada ya hapo badili waya wa USB na kichwa cha chaja, kwani vyote viwili hufa mara nyingi kuliko kifaa, na kichwa dhaifu cha simu ndogo kinaweza kuonekana hakichaji kumbe kinachaji kwa kasi ya konokono. Seli za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45 hivi, na vifaa vyenye kinga hukataa. Busta iliyotolewa kwenye gari lililoanikwa juani ipoe ndani ya nyumba kwanza. Iliyoachwa tupu kwa miezi mingi inaweza kuwa imeshuka chini ya kiwango ambacho saketi yake ya ndani inaruhusu. Iache kwenye chaji kwa saa kadhaa mbele ya macho yako, juu ya saruji au vigae, si kitandani. Chaji isiposogea, imekwisha. Usikubali ifunguliwe na seli "kuamshwa" kwa kuguswa na chaja ya gari au waya za betri nyingine. Seli iliyolala hivyo inaweza kupokea umeme leo na kushika moto wiki ijayo.

Kuitunza ni rahisi: ichaji mara baada ya kuitumia, na kila miezi mitatu hata kama haikutumika. Ikilazimu ikae kwenye gari, iwe chini ya kiti, kamwe isiwe juu ya dashibodi.

Magari yasiyofuata utaratibu huu

Haibridi, yaani magari yanayotumia petroli pamoja na umeme, kama Toyota Prius na Aqua, huwa na betri ndogo ya volti 12 iliyofichwa nyuma, na kazi yake ni kuamsha kompyuta, si kuzungusha injini, hivyo hata busta ndogo inatosha. Kwenye Prius nyingi kuna nguzo ya chanya ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti, yenye kifuniko chekundu, kwa ajili ya kazi hii. Kanyaga breki, bonyeza kitufe, na taa ya READY ikiwaka umemaliza. Isipowaka, usitafute zaidi karibu na nyaya za rangi ya chungwa. Hizo zinabeba volti zinazoua, na ni za fundi aliyefunzwa haibridi peke yake.

Fuso, Scania na malori mengine, pamoja na baadhi ya Coaster na Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani, yana mfumo wa volti 24 wenye betri mbili. Betri mbili peke yake si uthibitisho, kwani wengine huzifunga sambamba kwa volti 12, kwa hiyo pima kwanza. Busta ya volti 12 haifungwi kwenye mfumo wa 24.

Dalili: Busta imevimba, inanuka, au ina joto bila kutumika

Hapa hakuna cha kukagua. Usiichaji, usiitumie hata mara moja ya mwisho, usiitoboe wala kuikandamiza ili kasha lifunge. Itoe kwenye gari na nyumbani, iweke mahali pa wazi penye saruji, mbali na chochote kinachoungua, na watoto wasiikaribie. Ikianza kutoa moshi, jitenge nayo, kwani moshi wake ni sumu, na uwaite zimamoto kama kuna jengo karibu. Iliyovimba bila moshi isitupwe kwenye pipa la taka za kawaida, ambako itabanwa na kutobolewa. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, plagi na vibanio vikiwa vimechomolewa na tundu la mkondo limezibwa kwa utepe wa umeme.